Mradi wa kikundi katika uhandisi wa mwaka wa kwanza: anzeni na maungio

Kozi ya utangulizi wa uhandisi, kwa jina lolote inaloitwa chuoni kwako, huwa na kazi moja isiyofanana na kazi nyingine za mwaka wa kwanza. Katika hisabati na mekanika unakaa na swali lako peke yako, na jibu lake lipo mahali fulani hata kama bado hujalifikia. Katika mradi wa kikundi mnapewa tatizo lenye majibu mengi, mnapangwa watu wanne au watano ambao hamkuchaguana, mnapewa wiki kadhaa za muhula ambazo tayari zimejaa majaribio ya kozi nyingine, na mara nyingi fedha za vifaa zinatoka mifukoni mwenu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuendesha mradi wa aina hiyo tangu karatasi ya maelekezo inapotolewa hadi kifaa kinapowekwa mbele ya mhadhiri. Mfano nitakaoufuata ni kifaa kidogo kinachomwagilia kitalu cha miche bila kushikwa na mtu pindi udongo unapokauka, kwa kuwa ndani yake mna umeme, maji, programu na useremala kwa pamoja, na karibu kila tatizo la kazi ya kikundi hujitokeza humo.

Miradi ya mwaka wa kwanza haifeli sana ndani ya kazi ya mtu mmoja mmoja. Hufeli kwenye maungio, yaani pale kazi ya mmoja inapokutana na kazi ya mwenzake: waya unapoingia kwenye bodi, mpira wa maji unapotoka kwenye tangi, vipimo vya aliyepima vinapoingia kwenye ripoti ya aliyeandika. Kila mmoja anaweza kuwa amefanya sehemu yake vizuri na bado kitu kizima kikagoma. Kwa sababu hiyo, nguvu kubwa ya mipango yenu ielekezwe huko, na ielekezwe mapema.

Karatasi ya maelekezo

Kabla hamjazungumzia umbo la kifaa, kila mwanakikundi aisome karatasi ya maelekezo peke yake na kuipigia mistari mahali pa aina tatu: yale ambayo kifaa ni lazima kiyafanye, yale yaliyokatazwa, na namna alama zitakavyogawanywa. Kisha mkutane na kulinganisha mistari yenu. Mtashangaa jinsi watu watano walivyosoma ukurasa mmoja na kutoka na miradi mitano.

Sentensi ya maelekezo kwa kawaida huwa pana, na kazi yenu ya kwanza ya kihandisi ni kuigeuza iwe tarakimu. «Kifaa kimwagilie miche udongo unapokauka» haijasema udongo mkavu ni upi, maji yawe kiasi gani, eneo la kitalu lina ukubwa gani, wala kifaa kikae siku ngapi bila kuongezewa maji. Andikeni dhana zenu wazi: kitalu cha sentimita 60 kwa 40, maji yasiyozidi nusu lita kwa mara moja, tangi la lita 10 litakalotosha siku kadhaa, kifaa kuanza kumwagilia ndani ya dakika moja baada ya kipimo cha udongo kushuka chini ya kiwango mlichokiweka. Tarakimu hizo zinaweza kubadilika baadaye, na zitabadilika, lakini bila tarakimu hamtakuwa na njia ya kusema kama kifaa kimefaulu au la. Pale karatasi inapoacha shimo ambalo dhana yenu haiwezi kulijaza, mwulizeni mhadhiri kwa maandishi katika wiki ya kwanza, na jibu lake mlihifadhi mahali ambapo wote mnaliona.

Mgawanyo wa alama nao una habari. Ikiwa ripoti na daftari la kazi vina uzito mkubwa kuliko kifaa chenyewe, jambo ambalo si la ajabu katika kozi za utangulizi, basi kikundi kinachokesha wiki nzima kikirembesha sanduku la kifaa huku daftari likiwa tupu kinafanya kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Mkutano wa kwanza

Mkutano wa kwanza utoke na ukurasa mmoja ulioandikwa na kusainiwa na wote. Ukurasa huo useme mtakutana lini na wapi, taarifa za kikundi zitatumwa kwa njia ipi, mafaili yatakaa wapi, uamuzi utafikiwaje mnapotofautiana, vifaa vitakavyobaki vitagawanywaje, na nini kitafanyika mtu asipotokea au asipomaliza alichoahidi. Wanafunzi wengi huona aibu kuandika kipengele hicho cha mwisho siku ya kwanza, wakati bado wanatabasamiana. Ndiyo siku ya kukiandika, kwa sababu baadaye kila sheria mpya itaonekana imetungwa dhidi ya mtu fulani.

Ratiba izingatie maisha ya watu. Mwenzenu anayekaa Mbagala au Kibamba akawa anasoma Mlimani, Dar es Salaam, hawezi kukutana nanyi karakana saa tatu usiku na kutegemewa kupata daladala ya kurudi. Anayefanya kibarua mwisho wa wiki naye aseme mapema. Mikutano miwili mifupi kwa wiki, kila mmoja usiozidi saa moja na wenye ajenda iliyotumwa jana yake, inazaa zaidi kuliko mkutano mmoja wa Jumamosi unaoanza kwa kusubiriana.

Katika kugawana majukumu, tenganisheni kazi za uendeshaji na kazi za ufundi. Za uendeshaji ni tatu: mratibu anayefuatilia tarehe, mweka kumbukumbu, na mtunza fedha. Mratibu si lazima awe yule anayeongea sana. Awe mtu anayejibu ujumbe. Za ufundi hugawanywa kufuatana na sehemu za kifaa, na hapa kuna desturi moja inayopaswa kukomeshwa, nayo ni ya kuwapa wasichana kazi ya kuandika ripoti na kupamba slaidi ilhali wavulana ndio wanaoshika msumeno, kisu na chuma cha kulehemu. Matokeo yake ni kwamba nusu ya kikundi humaliza kozi ya uhandisi bila kugusa kifaa, na nusu nyingine bila kujua kuandika. Kila mtu awe na kitu kimoja anachokijenga na sehemu moja ya ripoti anayoiandika, na kila sehemu ya kifaa iwe na mtu wa pili anayeifahamu vya kutosha kuiendeleza mwenye nayo akiugua.

Kuchora maungio

Chukueni karatasi kubwa na kuchora kila sehemu ya kifaa kama kisanduku: tangi, pampu, mpira wa maji, kihisi cha unyevu (kinachopima udongo umelowa kiasi gani), bodi ya udhibiti, chanzo cha umeme, na fremu ya kushikilia vyote. Kisha unganisheni visanduku kwa mistari pale ambapo kitu kinapita kutoka kimoja kwenda kingine. Juu ya kila mstari andikeni kinachopita na kiasi chake: voti ngapi, miliampea ngapi (yaani mkondo wa umeme), mpira wa kipenyo gani, maji yanainuliwa kimo gani, ishara ni ya aina ipi. Kila mstari uwe na majina mawili, la anayetoa na la anayepokea, nao wawili wakubaliane tarakimu ile kabla yeyote hajanunua kitu. Mchoro huu ukitundikwa mahali unapoonekana una faida kuliko ratiba yoyote yenye rangi.

Tuchukue mstari mmoja, ule unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye pampu. Tuseme bodi yenu ni Arduino Uno R3, kompyuta ndogo ya bodi moja ambayo vikundi vingi huitumia kwa sababu inapatikana na mifano yake ni mingi. Pini moja ya bodi hiyo, yaani tundu moja la kutolea ishara, inashauriwa isitoe zaidi ya miliampea 20, na kikomo chake cha juu kabisa ni 40. Pampu ndogo ya kuzamishwa majini, ile ya voti 3 hadi 6, huhitaji miliampea 100 hadi 200 au zaidi. Aliyeandika programu anajua pini yake inatoa voti 5. Aliyenunua pampu anajua pampu yake inafanya kazi kwa voti 5. Wakiunganisha moja kwa moja pampu haitazunguka ipasavyo na pini inaweza kuungua, ingawa wote wawili walikuwa sahihi kuhusu voti. Tarakimu ya mkondo ingeandikwa juu ya mstari ule, wangeona tangu wiki ya pili kwamba panahitajika transista au rilei katikati, yaani swichi inayowashwa na mkondo mdogo, pamoja na dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) iliyowekwa kinyume sambamba na pampu ili kumeza mshtuko wa umeme pampu inapozimwa.

Hapo hapo kuna mengine matatu ambayo hujirudia. La kwanza ni kwamba mkitumia transista huku pampu ina betri yake, waya hasi wa betri hiyo na waya hasi wa bodi sharti viunganishwe, la sivyo ishara ya bodi haina pa kurudia na hakuna kitakachotokea. La pili ni kwamba moduli nyingi za rilei zinazouzwa madukani huwaka pale pini inapokuwa chini (voti 0), si inapokuwa juu (voti 5). Mwandishi wa programu asiyelijua hilo atapata kifaa kinachomwagilia udongo uliolowa na kuacha udongo mkavu, na atatafuta kosa kwenye hesabu zake kwa siku nzima. La tatu ni kwamba bodi na pampu zikinyonya chanzo kimoja dhaifu, pampu inapoanza huivuta voti chini, bodi inajizima na kuanza upya, inaamuru pampu tena, na mtasikia rilei ikigonga bila kukoma. Mkisikia mlio huo, msiguse programu. Pimeni voti kwanza pampu inapoanza.

Sasa angalieni mstari wa tangi na mpira. Mwenzenu wa useremala, kwa nia njema, anaweka tangi juu ya kistuli ili pampu isichoke. Pampu inawaka, maji yanafika kwenye kitalu, udongo unalowa, bodi inazima pampu, na maji yanaendelea kutiririka mpaka tangi likauke. Hakuna kilichoharibika. Mdomo wa mpira uko chini ya usawa wa maji ya tangi, mpira umejaa maji, na maji yanajivuta yenyewe kupitia pampu iliyozimwa. Tiba ni kuinua mdomo wa mpira juu ya usawa wa maji, au kutoboa tundu dogo la kuingiza hewa sehemu ya juu kabisa ya mpira, juu ya usawa huo. Au mnaweza kuliweka tangi chini ya kitalu, mradi pampu iwe na nguvu ya kuinua maji kimo hicho, nazo pampu hizi ndogo kimo chao aghalabu hakipiti sana mita moja. Aliyejenga kistuli hakukosea useremala, na aliyechagua pampu hakukosea pampu. Kilichokosekana ni tarakimu ya kimo juu ya mstari mmoja.

Msidhani kwamba haya ni ya wanafunzi tu. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza (pauni), na upande mwingine ukazipokea kana kwamba ni za nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Mwaka 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, madaraja ya ndani ya kupita watu yalianguka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulitaka ghorofa mbili za madaraja zining'inie kwenye nondo moja ndefu; ili kurahisisha ujenzi, nondo ile ikabadilishwa kuwa mbili fupi, daraja la chini likaning'inia kwenye boriti za daraja la juu, na mzigo kwenye maungio ya juu ukawa maradufu. Badiliko hilo lilionekana dogo na lilipita bila mtu kulipigia hesabu upya. Kwa hiyo wekeni sheria kwamba mtu yeyote akibadilisha kitu kinachogusa mstari wa mchoro, hata kama ni kubadilisha mpira wa milimita 6 kwa wa milimita 8, amjulishe aliye upande wa pili siku hiyo hiyo na mchoro usahihishwe.

Jengeni kitu kibaya mapema

Vikundi vingi hujenga sehemu zote kwa ukamilifu na kuziunganisha wiki ya mwisho. Fanyeni kinyume chake. Kufikia wiki ya tatu muwe na kifaa kizima ambacho ni kibaya: chupa ya maji iliyokatwa badala ya tangi, kikopo cha udongo badala ya kitalu, waya zilizochomekwa bila kulehemu, programu ya mistari michache inayosoma kihisi na kuwasha pampu kwa sekunde mbili. Kifaa hicho kitaaibisha, lakini maungio yote yatakuwa yamejaribiwa, na wiki zinazobaki zitatumika kuboresha kitu kinachofanya kazi.

Pimeni kila kitu mnachotaka kukitegemea. Kihisi cha unyevu kikisomwa na Arduino Uno hutoa namba kati ya 0 na 1023, na namba hizo hazina maana yoyote mpaka mzipe maana wenyewe. Chukueni udongo ule ule utakaotumika, mwukaushe juani, mpime uzito wake, mwagieni maji kidogo kidogo kwa kipimo, na kila mara andikeni namba inayosomeka. Rudieni kwa vikopo vitatu. Jedwali litakalotokana na kazi hiyo ya mchana mmoja litawapa kiwango cha kuwashia pampu, litawapa mchoro wa kuweka kwenye ripoti, na litawapa jibu mhadhiri anapouliza kwa nini mlichagua namba ile. Mkitumia kihisi cha bei nafuu chenye miguu miwili ya chuma iliyo wazi, kipeni umeme wakati wa kusoma tu, kwa sababu kikiachwa na umeme muda wote miguu huliwa na kutu haraka na namba zenu za wiki ya pili hazitafanana na za wiki ya saba.

Kama mradi wenu ni lile daraja la vijiti vya aiskrimu ambalo kozi nyingi huanza nalo, kanuni ni ileile. Msijenge daraja zima kwanza. Gundisheni ungio moja, liacheni saa 24 gundi ikauke sawasawa, kisha lining'inizieni ndoo na kuongeza mchanga taratibu mpaka liachie, mpime ndoo. Mtagundua kwamba vijiti vinavyovutwa ni nadra kukatika, kwamba maungio huachia mapema, na kwamba vijiti virefu vinavyobanwa hupinda pembeni. Kijiti chembamba kinachobanwa, ukikishikilia katikati kisipinde, yaani ukaufanya urefu wake ulio huru kuwa nusu, hubeba takribani mara nne ya mzigo wa awali. Gramu chache za vijiti vya kushikilia zina thamani kuliko kuongeza unene wa daraja zima.

Fedha na ununuzi

Kabla ya kwenda dukani, ulizeni fundi wa karakana au maabara ya idara yenu. Vifaa vingi vya miradi ya miaka iliyopita viko kwenye makabati, na fundi huyo aghalabu anajua mambo ya kazi ya mikono ambayo hayamo kwenye mihadhara. Mwamkieni, msiende kwake kama mnaodai. Vilivyobaki ndivyo mvitafute Kariakoo, au barabara ya Luthuli kwa walio Nairobi.

Waende watu wawili, wakiwa na orodha yenye namba kamili ya kifaa, voti na idadi. Kifaa kinachoweza kujaribiwa pale kaunta kijaribiwe pale pale. Vitu vya bei ndogo vinavyoungua kirahisi, kama transista, dayodi na kihisi, vinunuliwe viwili viwili. Mtunza fedha aandike kila shilingi siku hiyo hiyo na kupiga picha risiti. Mchango upangwe kwa kuzingatia kwamba fedha za Bodi ya Mikopo, yaani bumu, haziingii kwa wote kwa wakati mmoja, na kwamba wapo wasiopata kabisa. Kiwango cha juu cha mchango kiamuliwe kabla ya kubuni kifaa, kwa maana bei nayo ni sharti la kihandisi sawa na uzito au voti.

Mtegeaji

Karibu kila kikundi kina mtu ambaye wenzake wanamwona ni mtegeaji. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaovuta kamba pamoja hawatoi jumla ya nguvu ambayo kila mmoja angeitoa akivuta peke yake. Yeye mwenyewe alielekeza lawama zaidi kwenye kukosa kuvuta kwa pamoja kuliko kwenye uvivu, nami naona alichokisema kinafaa hapa. Wengi wanaoitwa wategeaji ni watu waliopewa kazi isiyoeleweka («wewe shughulika na mambo ya programu»), au hawana kompyuta, au mawazo yao yalichekwa katika mkutano wa pili wakanyamaza.

Kwa hiyo anzeni kwa kumwuliza, na aulizwe na mtu mmoja pembeni, si na wote kwenye kundi la WhatsApp. Mpeni kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana: apime muda wa pampu kujaza chupa ya nusu lita mara tano, alete namba hizo Jumatano. Akileta, mwongezeeni. Asipoleta mara mbili bila sababu, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwa lugha ya kawaida isiyo na matusi, na akipenda aongeze maelezo yake. Baada ya hapo nendeni kwa mhadhiri au msaidizi wake, mkiwa bado na wiki za kutosha za kurekebisha mambo. Malalamiko yanayofika siku ya kuwasilisha hayamsaidii mtu.

Kuna kosa la upande wa pili linalozungumzwa kidogo, nalo ni la yule mwenye bidii anayechukua kazi za wenzake usiku na kuzifanya upya bila kuwaambia. Anajiona anauokoa mradi, kumbe amevunja maungio yote: hakuna mwingine anayejua kifaa kimekuwaje, na siku ya maswali atajibu peke yake huku wenzake wakitazama chini. Kazi ya mtu isirekebishwe bila mwenyewe kuwepo.

Na mkitakiwa kutathminiana kwa siri mwishoni mwa mradi, andikeni mambo yaliyotokea na tarehe zake, na msipeane alama kamili kwa kuoneana haya. Mhadhiri akiona watu watano wamepeana kumi kwa kumi kila kipengele, karatasi zile zinakuwa hazina habari yoyote kwake.

Daftari na ripoti

Daftari la mradi liandikwe siku ya kazi, kwa kalamu, likiwa na tarehe, waliokuwepo, kilichofanyika, vipimo vilivyopatikana, uamuzi uliofikiwa na sababu yake. Sababu ndiyo inayosahaulika kwanza. Wiki ya tisa hakuna atakayekumbuka kwa nini mliacha mpira mwembamba, na ripoti itabaki na sentensi isiyosema kitu. Kurasa za mambo yaliyoshindikana zisichanwe. Jaribio lililofeli na likaelezwa sababu zake lina uzito katika ripoti ya uhandisi, na msomaji mzoefu hutambua haraka ripoti ambamo kila kitu kilifaulu mara ya kwanza.

Ripoti ianze kuandikwa wiki ya pili, sura ya tatizo na masharti yake ikiwa ya kwanza kukamilika. Katika vyuo vyetu vikundi hujadiliana kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na hapo nako kuna ungio: wawili wanaweza kukiita kitu kimoja kwa majina tofauti katika sura mbili. Andaeni orodha fupi ya majina ya sehemu za kifaa na vipimo vyake, kila mwandishi aifuate, kisha mtu mmoja aipitie ripoti yote mwanzo hadi mwisho akitafuta namba zinazopingana, michoro isiyo na vipimo na majedwali ambayo hayatajwi popote. Apewe siku mbili kamili kwa kazi hiyo. Kuchukua ripoti ya waliotangulia na kubadilisha majina ni wizi wa kitaaluma, na huonekana upesi: picha za kifaa hazilingani na maelezo, na vipimo ni vya pampu nyingine.

Siku ya kuonyesha kifaa

Saa 48 kabla ya kuonyesha, fungeni milango ya mabadiliko. Baada ya hapo hakuna kuongeza kitu kipya, hata kiwe kizuri namna gani. Kinachoruhusiwa ni kukaza skrubu, kubadilisha betri na kurudia jaribio. Endesheni onyesho lote kwa ukamilifu angalau mara tatu mfululizo, na moja kati ya hizo iwe baada ya kukibeba kifaa kutoka hosteli hadi karakana, kwa kuwa waya nyingi huchomoka njiani.

Umeme unaweza kukatika, kwa hiyo kifaa kiwe na uwezo wa kutumia betri iliyochajiwa, na muwe na video fupi ya kifaa kikifanya kazi, iliyorekodiwa siku iliyotangulia. Mfuko wa dharura uwe na waya, gundi ya utepe, bisibisi, betri ya akiba, transista ya akiba na kitambaa cha kufutia maji. Udongo mkavu uandaliwe kwenye chombo chake tangu jana. Zipo timu zilizowahi kufika zikiwa na kifaa kizima na udongo uliolowa, zikasubiri ukauke mbele ya wahadhiri.

Wote waseme, na kila mmoja aweze kueleza sehemu ya mwenzake kwa dakika moja. Njia nzuri ya kujiandaa ni kubadilishana: aliyejenga fremu aulizwe maswali ya programu, aliyeandika programu aulizwe kwa nini tangi liko chini. Mkiulizwa jambo ambalo hamkulipima, jibuni kwamba hamkulipima, kisha elezeni mngelipimaje. Kifaa kikigoma, semeni kwa utulivu mlitarajia kifanye nini, kimefanya nini, na mngeanza kukagua wapi; mhadhiri atakayeona mnafuata mstari kwa mstari kwenye mchoro wenu wa maungio anaweza kuwapa alama nzuri kwa kifaa kilichosimama.

Baada ya matokeo, mwageni maji, toeni betri kwenye kifaa, rudisheni vya karakana vikiwa safi na orodha yake ikisainiwa na fundi, gawaneni vilivyobaki kulingana na ukurasa mliosaini siku ya kwanza, na wekeni programu, mchoro wa mwisho na jedwali la vipimo vya kihisi mahali ambapo kila mmoja wenu atavipata mwaka wa pili, wakati mradi wa elektroniki utakapodai kihisi kile kile.